Kigugumizi cha Taarifa ya Saa Saba

Mzee Nukta hakuwa na kigugumizi. Hilo alilijua kila aliyewahi kufungua redio saa saba mchana, na mwenyewe alilijua kuliko wote, maana hakuwa mtu wa kujifanya mnyonge mbele ya kazi anayoiweza. Jina la Nukta alipewa na wenzake wa chumba cha habari kwa sababu kila nukta aliyoikuta kwenye karatasi aliipa haki yake. Alifika, akatua, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Wahariri walishamwekea taarifa za mafuriko, za uchaguzi na za moto uliokuwa bado unawaka, na zote alizisoma kwa mwendo wake uleule.

Binti yake alifanya kazi katika jengo hilohilo, ghorofa ya juu, kule ambako sauti za watu hugeuzwa namba. Jengo zima lilimwita Fundi. Yeye ndiye aliyeandika programu iliyokuwa ikirekodi kila neno lililokwenda hewani, na aliiandika kwa C, lugha ya kompyuta isiyombembeleza mtu. Ukiiamuru vizuri inakwenda mbio. Ukikosea hainuni wala haikuonyi, inakusindikiza tu mpaka shimoni. Fundi aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Majivuno alikuwa nayo, na hakuyaokota kwa jirani.

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa hiki. Programu nyingi zikitaka kuandika faili kwenye diski husimama mlangoni zikisubiri diski imalize. Ya kwake haikusubiri. Iliikabidhi kompyuta sauti ya kuandikwa, ikageuka hapohapo kupokea sauti inayofuata, na uandishi ukaendelea nyuma ya pazia kwa wakati wake. Wageni waliotembezwa ofisini walielezwa habari hiyo hata kama walichouliza ni choo kiko wapi.

Balaa lilianza pale kituo kilipoamua kuweka rekodi za taarifa kwenye tovuti yake, ili aliyekosa kusikiliza mchana asikilize jioni. Haukupita muda watu wakaanza kuandika maoni. Mzee amechoka. Mzee apumzishwe. Kwenye rekodi, katikati ya sentensi iliyonyooka kama rula, Mzee Nukta alikuwa akimeza neno na kurudia linalofuata. Siku ya habari ya daraja jipya, badala ya kusema daraja jipya litafunguliwa, alisikika akisema "daraja jifunguliwa funguliwa", na wapo walioifanya mlio wa simu.

Mkurugenzi wa kituo, mama mmoja mpole wa sauti, alimwita Fundi ofisini kwake na kumketisha kwenye kochi, ishara ambayo katika jengo lile haikuwahi kuleta heri. Alimsifu baba yake wee, akamsifu tena, kisha akasema Ijumaa ya wiki ijayo kutakuwa na kikao, na huenda wakaona vyema mzee aache kusoma akawafundishe vijana wapya. Kwa heshima zote, lakini. Akamwomba Fundi amwandae taratibu nyumbani. Fundi alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata hivyo hakubisha, kwa kuwa rekodi zote alishazisikiliza mwenyewe kwa spika za masikioni, na kukwama kulikuwapo.

Jioni hiyo mezani akajikaza kisabuni.

"Baba, siku hizi unachoka?"

"Nichoke na nini?"

"Kusoma. Kwenye rekodi unakwama."

Mzee akaweka kijiko chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi binti yake. "Mwanangu, siku nikikwama mtu wa kwanza kujua nitakuwa mimi. Sijakwama."

Mama yake Fundi, ambaye hakuwahi kukosa taarifa hata moja kwa redio yake ya jikoni, akasema naye hajasikia lolote. Fundi akamjibu kwa upole kwamba Mama humsikiliza Baba kwa mapenzi. Hapo alikosea. Mama alimweleza waziwazi kwamba mapenzi hayajamziba masikio. Siku mumewe alipokosea jina la timu ya mpira alicheka mpaka chai ikapoa, na akamsuta tena alipofika nyumbani. Kama angekwama mchana ule, mpaka saa hizi asingekula kwa amani. Mzee akaokota kijiko na kuendelea kula.

Fundi hakushawishika. Aliona huruma tu, na akaamua kumthibitishia baba yake ili mambo yaishe kabla ya Ijumaa. Kesho yake mchana akashuka studio, akaketi upande wa pili wa kioo akiwa na nakala ya taarifa na penseli mkononi. Palipo na kukwama angeweka alama. Mzee Nukta akasoma habari ya kwanza mpaka ya mwisho, nukta kwa nukta, penseli ikawa haina kazi. Fundi akapanda ngazi na karatasi nyeupe vilevile, akafungua rekodi ya taarifa hiyohiyo aliyotoka kuisikia kwa masikio yake, na kwenye habari ya tatu baba yake akameza neno na kurudia linalofuata.

Akarudisha nyuma akasikiliza tena. Alikuwa ameamini kile alichokiandika mwenyewe kuliko mtu aliyemfundisha kusema, na aibu ya jambo hilo ikamfuata siku nzima.

Lakini msidhani alikubali mara moja kwamba kosa ni la programu yake. Watu wa kompyuta wana tabia moja: kosa likitokea, wa kwanza kushukiwa ni waya. Fundi alibadilisha waya. Alibadilisha kipaza sauti, akabadilisha na kadi ya sauti, na siku iliyofuata kigugumizi kikaja kilekile, kizima cha afya. Ndipo akaifungua programu, na kuifungua kwenyewe alifanya kama mtu anayekagua nyumba ya mwingine.

Akaanza kwa kutia mistari ya printf hapa na pale, ili programu iwe inaandika kwenye skrini kila hatua inayopiga. Taarifa ikasomwa, rekodi ikatoka safi kabisa. Akaitoa mistari, kigugumizi kikarudi. Akairudisha, kikapona. Mtu mwingine angeiacha mistari humo na kwenda zake nyumbani akiringa, na katika fani hii wapo waliozeeka kwa mtindo huo. Fundi yeye alikaa akawaza. Ile mistari haikuwa dawa. Kazi yake ilikuwa kuichelewesha programu kidogo tu. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa haraka. Mahali fulani programu ilikuwa ikikimbilia kitu ambacho hakijawa tayari.

Akaacha kutumia sauti ya binadamu, kwa sababu sauti ya baba yake ilimvuruga akili. Badala yake akaulisha mtambo vipande vya namba: kipande cha kwanza kimejaa moja tupu, cha pili mbili tupu, na kuendelea, halafu akaisoma faili iliyotoka. Asubuhi namba zote zilipangana. Saa saba mchana akakuta pengo. Namba mojawapo haikuwapo kabisa, na mahali pake ilikaa namba inayofuata, ambayo ilikuwapo pia mahali pake penyewe. Kipande kimoja kimemezwa, kinachofuata kimerudiwa. Kilikuwa kigugumizi cha Mzee Nukta, na safari hii hapakuwa na mdomo wa mtu yeyote.

Lilibaki swali la saa. Kwa nini saa saba? Akatoka kwenye korido, akashuka mpaka chini. Jengo lilikuwa kimya, watu wote wamekwenda kula, ila kwenye maktaba ya sauti diski ilikuwa ikihema. Mtunza maktaba alirudi na kijiti mdomoni, akakuta Fundi amesimama mbele ya mashine yake. Akaeleza bila wasiwasi kwamba anahamisha kanda za zamani kwenda kwenye diski kuu. Zamani kazi hiyo ilifanyika alfajiri, lakini karibuni ameipeleka saa ya chakula, kwa kuwa wakati huo hakuna anayetumia mashine.

"Isipokuwa baba yangu," Fundi akasema.

"Baba yako anatumia mdomo."

Fundi akacheka peke yake kwenye ngazi, kicheko cha mtu aliyeshika mkia wa kitu alichokitafuta siku nyingi. Alirudi kwenye kiti chake, na sasa alijua aangalie wapi.

Programu yake ilikuwa na kibakuli kimoja cha kumbukumbu, ambacho wenye fani hukiita bafa. Sauti inajazwa humo. Kikijaa, kinakabidhiwa kompyuta ikimimine kwenye diski, na sauti inayofuata inajazwa humohumo. Siku zote diski ilikuwa na kasi, kwa hiyo kila programu iliporudi kwenye kibakuli ilikikuta kitupu. Ila saa ya chakula diski hiyo, ndiyo ileile kuu, ilikuwa imezidiwa na kanda za maktaba. Kibakuli kilikuwa bado kwenye foleni, hakijamiminwa, na programu ikamwaga sauti mpya juu ya ile ya zamani. Diski ilipopata nafasi ikaandika ilichokikuta humo mara mbili, mahali pa sauti ya zamani na mahali pake penyewe.

Amri ya kukabidhi inaitwa aio_write, na ikirudisha sifuri maana yake ni ombi limepokelewa. Hakijaandikwa chochote bado. Ukitaka kujua kama kazi imekwisha huna budi kuuliza kwa amri nyingine, aio_error, na hilo Fundi alilijua tangu yuko chuoni. Aliwahi hata kuwafundisha wengine. Kwenye programu yake alikuwa hajauliza popote. Pale ambapo swali lilipaswa kuwapo aliacha maelezo kwa mkono wake: diski yetu ina kasi, hakuna haja ya kuuliza. Alipoyasoma masikio yalimwaka moto.

Kutengeneza hakukuwa kazi kubwa, na aliifanya kwa raha ya mtu anayefua nguo zake mwenyewe. Vibakuli akaviongeza. Kila kimoja akakipa alama ya kusema niko kazini, na alama hiyo haikuondoka mpaka kompyuta iulizwe na ijibu kuwa imemaliza. Hata ikijibu hivyo, programu ilihesabu kama kilichoandikwa ni kizima au nusu, maana diski nayo inaweza kuandika nusu ikanyamaza. Na ikitokea vibakuli vyote viko kazini, basi programu isithubutu kumwagia juu. Ipige kelele ili watu wajue. Akamwomba mtunza maktaba ahamishe kanda zote alizonazo kwa mpigo, na namba zikatoka zimejipanga kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali.

Mtunza maktaba, ambaye hakuwa mtu mbaya, akampa ushauri. Aiweke programu mpya kimyakimya. Rekodi zitatoka safi, Ijumaa watu watasema mzee amejirekebisha, kikao kitavunjika, na jina la Fundi litabaki juu. Nani atauliza?

Fundi aliupima ushauri huo, tusimsingizie utakatifu. Jina lake katika jengo lile lilisimama juu ya programu hiyo; hakuwa na lingine. Lakini alimwona baba yake akipita koridoni huku watu wakimpongeza kwa kupona ugonjwa ambao hakuwahi kuugua, akiitikia ahsante kwa adabu, na moyo ukakataa katakata. Mzee asingekuwa tena mtu asiyekwama. Angekuwa mtu aliyewahi kukwama akahurumiwa.

Ijumaa mchana, taarifa iliposomwa, Fundi aliziwasha programu zote mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya, zisikilize kipaza sauti kimoja. Kisha akaenda kwenye kikao na kompyuta kwapani. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza, wahariri na mhasibu pembeni, na Mzee Nukta mwisho kabisa, amevaa suti yake ya kijivu na tai, mgongo umenyooka. Alikuwa ameshaambiwa sababu ya kuitwa. Uso wake haukuomba kitu kwa mtu yeyote.

Fundi hakungoja kukaribishwa. "Anayegugumiza si baba yangu," akasema. "Ni programu yangu."

Akacheza rekodi ya kwanza. Neno likamezwa, linalofuata likarudiwa, na mhariri mmoja akatazama chini. Akacheza ya pili, pumzi ileile, kikohozi kilekile cha mtu wa mitambo kwa mbali, na sentensi ikapita nzima kama ilivyotoka mdomoni. Akaeleza habari ya vibakuli kwa maneno ya kawaida, akitumia vikombe vya chai vilivyokuwa mezani, mpaka hata mhasibu akaelewa. Mhariri yuleyule akauliza, kwa kuzungukazunguka, kama hii si damu inayosema.

"Nikimtetea Baba najiaibisha mimi mwenyewe," Fundi akasema. "Chagueni mnavyopenda. Lakini sauti hizo mbili zimetoka kwenye mdomo mmoja."

Mzee Nukta ndiye aliyeuliza kwanza, na hakumtazama mtu mwingine yeyote zaidi ya binti yake.

"Hicho kibakuli. Kwa nini hukuuliza kama kimekwisha?"

"Nilijiamini, Baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hilo umelitoa kwangu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ukacheka.

Mkurugenzi alikuwa mpole lakini hakuwa mtu wa kona kona. Aliomba radhi palepale, akafunga ajenda, na akaagiza liandikwe tangazo la kumsafisha mzee, lisomwe Jumatatu mwishoni mwa taarifa ya saa saba. Mhariri akauliza lisomwe na nani. Mkurugenzi akamwangalia kana kwamba ameuliza jua linachomoza upande gani.

Jumatatu Fundi alikuwa chumbani kwake, amevaa spika za masikioni, akisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye faili iliyokuwa ikiandikwa. Chini maktaba ilikuwa ikihamisha kanda zake, Fundi alikataa isimamishwe. Habari zikapita safi. Kisha likaja tangazo. Baba yake akasoma kwamba kasoro zilizosikika katika rekodi za kituo zilitokana na mtambo wa kurekodi, wala hazikumhusu msomaji. Akasoma kwamba kasoro hizo ziligunduliwa na kurekebishwa na mhandisi wa kituo. Maandishi kwenye karatasi yaliishia hapo. Fundi alikuwa na nakala mbele yake. Sauti ikaendelea.

"Mhandisi huyo ni bi..." Pakawa kimya. "Ni binti yangu."

Fundi akainamia skrini. Kipande kimemezwa, neno limerudiwa. Programu mpya imeanguka, tena siku hii, tena kwenye tangazo hili. Vidole vikakimbilia kwenye kumbukumbu za programu. Akakagua vibakuli kimoja kimoja: kila kimoja kiliulizwa, kila kimoja kilijibu kuwa kimemaliza. Akahesabu vipande kwenye faili. Hakuna kilichopotea, hakuna kilichojirudia, hakuna kilichoandikwa nusu. Akakagua tena kwa njia nyingine, kwa kuwa safari hii hakutaka kujiamini, na jibu likawa lilelile. Akakisikiliza kile kimya chenyewe, sauti ameipandisha mpaka mwisho, na ndani yake akasikia pumzi ya mtu ikitafuta njia ya kutoka.

Simu ikalia. Mtunza maktaba alikuwa akiiandaa rekodi kwa ajili ya tovuti, akauliza kama apunguze lile pengo la mwishoni, watu wasije wakaanza tena maneno yao. Fundi akamwambia asubiri. Akashuka ngazi mbili mbili mpaka studio. Mzee Nukta alikuwa bado kwenye kiti, anafuta miwani kwa ncha ya tai, jambo ambalo Mama alimkataza tangu walipooana.

"Baba, pale mwishoni ulikwama."

"Nimekwama."

"Nikukatie?"

Mzee akavaa miwani, akamtazama binti yake juu hadi chini kama anayemsoma.

"Usiguse. Programu yako imeandika sawasawa," akasema. "Kigugumizi hicho ni changu."

Fundi akapanda juu, akaiweka faili kwenye tovuti kama ilivyo.